Mambo ya Kuzingatia Kabla Klabu ya Wazee Haijaondoka na Baiskeli

Msafara wa baiskeli wa watu waliovuka miaka 60 ukiharibika, mara nyingi uliharibikia nyumbani, kwa mtu kunyamaza. Mmoja amebadilishiwa dawa ya presha juzi, mwingine goti linamsumbua, wa tatu hakupata usingizi. Wote wanafika, wanasalimiana kwa furaha, wanapanda. Hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna anayependa kuwa mzigo kwa wenzake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kushika pampu, tuanze na mazungumzo.

Kiongozi wa msafara ampigie kila mmoja simu siku moja kabla, au amvute pembeni. Mbele ya kundi watu hujikaza. Wala asiulize tu kama mtu ni mzima, maana jibu linajulikana. Aulize yanayojibika: umebadilishiwa dawa hivi karibuni? Umeanguka, hata ndani ya nyumba? Umesikia kizunguzungu ulipoinuka kitini? Mara ya mwisho uliendesha lini, na kwa muda gani? Mwenye maumivu ya kifua au anayekosa pumzi kwa jambo dogo amwone daktari kwanza, safari zipo.

Dawa zina mambo yake barabarani. Anayetumia dawa zinazopunguza kasi ya moyo, za jamii ya atenololi, asijipime kwa mapigo: saa ya mkononi itamwonyesha namba ndogo huku mwili umeshachoka. Kwake, na kwa kila mtu, kipimo kizuri ni maneno. Ukiweza kumaliza sentensi nzima bila kuikatiza kwa kuvuta pumzi, mwendo unakufaa. Ukianza kujibu neno mojamoja, punguza. Anayetumia vidonge vya kukojoza hupoteza maji na chumvi upesi, na umri wenyewe hupunguza hisia ya kiu, kwa hiyo asingoje koo likauke. Anywe mafunda machache kila baada ya dakika 15 hivi. Aliyewekewa kiwango cha maji na daktari kwa sababu ya moyo au figo afuate kiwango hicho.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, apime kabla ya kuondoka na abebe kitu kitamu kinachofanya kazi haraka. Sukari ikishuka, ashuke kwenye baiskeli, ale au anywe chenye takriban gramu 15 za sukari, asubiri dakika 15, kisha apime tena. Aliye karibu naye azijue dalili: kutetemeka, jasho la baridi, maneno yasiyoeleweka, ukali usio wake. Mtu wa namna hiyo anaweza kubisha kwamba yuko sawa, na ndipo mwenzake anapohitajika zaidi. Mwenye dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi aiweke mfuko wa juu, si chini ya begi.

Halafu kuna kadi. Andika jina lako, namba ya simu ya ndugu wa karibu, magonjwa, dawa unazotumia na zile zinazokudhuru. Itie kwenye mfuko wa plastiki, jasho lisifute wino. Klabu nzima ikubaliane mahali pamoja pa kuiweka, tuseme mfuko wa nyuma wa kushoto. Mtu akianguka, wenzake hawaanzi kumpekua. Mkono unakwenda pale pale.

Njia ichaguliwe kwa kumfikiria mtu wa mwisho. Milima iwe mwanzoni, miguu ikiwa na nguvu, na kama upepo unajulikana unakotoka, twende tukiupinga na turudi ukitusukuma. Pawepo mahali pa kukatishia njia, ili atakayechoka arudi kwa heshima, na asirudi peke yake. Vyoo vipangwe waziwazi. Tezi dume na vidonge vya presha havina subira, na kuna watu huacha kunywa maji njiani kwa kuogopa kusimamisha msafara. Tangaza mapema: tutasimama hapa na hapa, kila baada ya dakika 45 hivi.

Kuhusu mwendo, mwendo wa mwaka jana usiwe deni la mwaka huu. Mfaransa Robert Marchand aliendesha kilomita 26.927 kwa saa moja uwanjani mwaka 2014, akiwa na miaka 102. Alirudi Januari 2017, akiwa na miaka 105, akapata kilomita 22.547. Zilipungua zaidi ya kilomita 4, na dunia ikamshangilia. Basi mwanachama aliyepunguza mwendo asisikie hata mguno. Kundi likiwa kubwa, ligawanywe katika makundi madogo ya watu wanane au kumi, kila moja na kiongozi mbele na mtu wa kufunga mkia. Huyo wa mkiani awe mzoefu, mwenye simu iliyojaa chaji. Na kundi likisubiri watu wa nyuma, lisiondoke mara tu wanapofika. Nao wanahitaji kupumua.

Baiskeli yenyewe haina maneno mengi: hewa ya tairi kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, breki zinazoshika, mnyororo usiokwaruza, tyubu ya akiba inayolingana na gurudumu lako. Helmeti iliyowahi kugonga chini ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa.

Ninalotaka tulifanyie mazoezi ni kupanda na kushuka, maana wengi wetu huanguka baiskeli ikiwa imesimama au karibu kusimama. Mwenye nyonga ya bandia au mguu usioinuka vizuri ailaze baiskeli kidogo upande wake, avushe mguu, ndipo aiinue. Baiskeli yenye fremu ya chini hurahisisha zaidi, wala si ya wanawake tu. Baiskeli ya umeme ni nzito, nyingi hufika kilo 20 na zaidi, na inaweza kuruka mbele ukikanyaga pedali kabla hujakaa sawa. Shika breki hadi ukae. Na mwenye umeme asiongoze kundi mlimani, atawaua wenzake kwa kasi bila kujua. Chaji ijazwe usiku uliotangulia, kwani baridi na milima huimaliza upesi.

Kubalianeni pia maneno ya njiani: "shimo", "gari nyuma", "nasimama". Anayevaa kifaa cha kusikia hupata kelele za upepo, hivyo ishara ya mkono iambatane na sauti. Lakini anayeyumba akiachia usukani kwa mkono mmoja asilazimishwe, sauti inamtosha. Na gurudumu lako la mbele lisifike kamwe ubavuni mwa la nyuma la mwenzako, kwani akikwepa kidogo tu, wewe ndiye unayelala chini.

Kituo cha mapumziko ni nusu ya safari, na kwa baadhi ya wanachama ndiyo sababu ya kuja. Kichaguliwe chenye viti vya kuegemea, choo kisicho na ngazi, na utulivu wa kutosha kwa wasiosikia vizuri. Kiwe pia mahali panapofikika kwa gari, ili walioacha kuendesha, wenzi wetu wasiopanda baiskeli, na anayeuguza jeraha wakutane nasi mezani. Pombe ingoje mpaka baiskeli zimewekwa. Baada ya kula, mkae kidogo, kisha muinuke taratibu, hasa wenye dawa za presha.

Mkirudi, kiongozi ahesabu watu kwa majina, na waishio peke yao watume ujumbe wakishafika kwao. Aliyegonga kichwa huku akitumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akisema hajambo. Mwingine yeyote aliyejigonga aulizwe hali kesho yake, na tena wiki zinazofuata, kwani damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu: kichwa kisichoacha kuuma, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mguu unaoburutwa. Yeyote atakayeona mojawapo amwahishe mwenzake hospitali, asingoje kikao cha klabu.