Buti la mbuni, mamba au chatu: kulinunua na kulitunza

Nashona na kukarabati mabuti ya kikauboi hapa Houston, Texas. Waswahili wenzangu wanaonijia huanza karibu wote na swali moja: "Fundi, nimeliharibu?" Mara nyingi ndiyo, na mara nyingi kilicholiharibu ni kiwi na mafuta ya mgando yaliyozoea ngozi ya ng'ombe.

Hatua ya 1: chagua mnyama kwanza, rangi baadaye

Kama ndilo buti lako la kwanza, nunua mbuni. Ngozi yake ni laini, ina mafuta ya asili, na ukivaa kutwa nzima haikuumizi. Ngozi nyingi hutoka Afrika Kusini, huko Oudtshoorn, na mabuti mengi hushonwa León, Mexico. Ndege wa kwetu huzunguka dunia kabla ya kufika dukani Texas. Sehemu yenye vinundu, pale manyoya ya mgongoni yalipong'olewa, ndiyo ghali kwa sababu ni kipande tu cha ngozi nzima. Ngozi ya miguu yake, yenye magamba kama ya kuku, ni nafuu na inadumu.

Ukiambiwa "mamba", uliza mamba yupi. Kaimani wa Amerika ya Kusini ndiye wa bei ya chini: magamba yake ya tumboni yana vibamba vya mfupa, hivyo ngozi hukunjika kwa shida, na ikikauka hupasuka penye mkunjo wa vidole. Mamba wa Nile ana kitone kama alama ya sindano kwenye kila gamba la tumbo. Aligeta wa Marekani hana.

Chatu anapendeza, ila ni dhaifu. Taa, yule samaki, ni mgumu kama changarawe na haogopi maji; sindano zangu ndizo zinazomwogopa.

Hatua ya 2: ikamate ngozi ya kuigiza

Ngozi ya ng'ombe hupigwa chapa ya vinundu au magamba ikafanana na ya mnyama yeyote. Kwenye mbuni, tazama kinundu: cha kweli kina tundu la unyoya, na jirani yake hafanani naye. Vya chapa hupangana kama vigae. Kisha weka la kulia na la kushoto pamoja; alama zikirudiana gamba kwa gamba, rudisha rafuni. Shingo ya buti kuwa ya ng'ombe au mbuzi si utapeli, ndivyo yanavyoshonwa mengi.

Hatua ya 3: jaribu jioni

Miguu huwa imevimba kidogo. Buti halina kamba, kwa hiyo linashikwa na mgongo wa mguu: hapo libane bila kuuma. Kisigino kikipanda kidogo unapotembea, usihofu, soli ngumu bado haijakunjika. Vidole vikibanwa, achana nalo. Mamba hatanuki kwa kukuonea huruma.

Hatua ya 4: usafi

Pangusa vumbi kwa brashi laini, halafu kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Chatu na kenge pangusa kufuata magamba, kama unavyompapasa paka. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilisugua buti la chatu kinyume. Magamba yakainuka kingo, gundi haikusaidia, nikamlipa mwenye buti.

Likauke, kisha paka losheni nyepesi iliyotengenezwa kwa ngozi za aina hii, tone dogo, ukijaribia kwanza mahali pasipoonekana. Mafuta mazito huweusha mbuni na kulegeza magamba. Sabuni ya matandiko ya farasi waachie farasi.

Likilowa, jaza magazeti ndani na uliweke kivulini, mbali na hita. Ukilivaa leo, kesho lipumzike, ikiwezekana na kiumbo (mfano wa mguu unaolishikilia umbo) cha mbao ya mwerezi ndani.

Hatua ya 5: kabla ya kupanda ndege

Mamba na chatu wamo kwenye mkataba wa CITES wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya wanyamapori. Mbuni wa kufugwa wa Afrika Kusini hayumo. Usipakie ya mamba kwenda Dar au Mombasa kabla ya kuuliza mamlaka za wanyamapori za pande zote mbili kama kibali kinahitajika, na risiti iwe mkononi. Ukishafika, lihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa. Ndani ya nailoni, joto la pwani hulivisha ukungu.