Jinsi ya Kuomba Kuwa Mhakiki wa Ripoti za IPCC, na Maoni Gani Yanamfaa Mtunga Sera

Afisa mipango wa halmashauri ya pwani ana swali moja: bajeti ndogo aliyo nayo aiweke kwenye ukuta wa bahari au kwenye kurudisha mikoko? Akifungua ripoti ya mwaka 2022 ya IPCC, jopo la serikali mbalimbali linalotathmini sayansi ya tabianchi, kuhusu athari za mabadiliko ya tabianchi na namna ya kuyahimili, anakutana na kurasa zaidi ya 3,000 za Kiingereza kizito. Akiukimbilia Muhtasari kwa Watunga Sera, anaambiwa kuwa hatua zote mbili zina faida na mipaka yake. Hapo anaifunga.

Lawama kwamba ripoti hizi hazimsaidii anayeamua tumeizoea. Wachache wanajua kwamba rasimu za ripoti hizi hufunguliwa kwa wataalamu wa dunia nzima wazikosoe kabla hazijapitishwa, na kwamba mtu wa Tanga, Kilifi au Goma anaweza kuomba nafasi hiyo mwenyewe, bure. Ripoti hiyo ya 2022 iliandikwa na waandishi 270 kutoka nchi 67, na ilipokea maoni 62,418 ya wataalamu na serikali. Kila oni lilipaswa kujibiwa.

Nani anaweza kuomba

IPCC iliundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na sasa ina nchi wanachama 195. Kuwa mwandishi wa ripoti zake ni safari ndefu: lazima upendekezwe na serikali yako au shirika linalotambuliwa kama mwangalizi, kisha uteuliwe. Uhakiki hauna mlolongo huo. Unajaza fomu, unatangaza mwenyewe utaalamu wako, unasubiri kukubaliwa. Barua ya wizara haihitajiki.

Neno "utaalamu" lisikutishe. Mtafiti wa chuo ataorodhesha machapisho yake, na hiyo ni njia nyepesi. Lakini mhandisi wa mifereji ya maji ya mvua, au mtu aliyesimamia mradi wa kilimo cha umwagiliaji kwa miaka kadhaa, anajua jambo ambalo mwandishi wa sura aliyeko Ulaya halijui. Eleza kazi hiyo kwa sentensi mbili tatu zilizonyooka: ulifanya nini, wapi, katika sekta ipi. Usijaze sifa. Malipo hakuna, utakachopata ni jina lako kuorodheshwa kwenye kiambatisho cha ripoti.

Lini

Ratiba hutangazwa kwenye tovuti ya IPCC, ipcc.ch, na ni lazima uwe na mazoea ya kuichungulia. Hatua za uhakiki ni tatu. Rasimu ya kwanza huenda kwa wataalamu pekee. Rasimu ya pili huenda kwa wataalamu na serikali kwa pamoja, na hapo ndipo rasimu ya awali ya Muhtasari kwa Watunga Sera huambatanishwa. Ya mwisho ni ya serikali tu. Kwa kawaida kila awamu ya wataalamu huchukua wiki nane, na mara nyingi usajili hufungwa kama wiki moja kabla ya siku ya mwisho ya kutuma maoni.

Kama nia yako ni kuona ripoti ikimfaa anayeamua, na nafasi uliyo nayo ni ya awamu moja tu, chagua ya pili. Faida ya awamu ya kwanza ni nyingine: sura bado ni mbichi, na ukisema mada fulani imesahaulika kabisa, waandishi wana muda wa kuiingiza. Katika awamu ya pili watakusikiliza zaidi kuhusu namna jambo linavyosemwa.

IPCC huandaa ripoti zake kwa mizunguko, na wa sasa ni wa saba. Pamoja na ripoti kuu, una ripoti maalumu kuhusu miji, inayotarajiwa mwaka 2027, na kazi ya kuhuisha mwongozo wa kiufundi wa mwaka 1994 kuhusu kutathmini athari na hatua za kuhimili, vikiwemo vigezo vya kupima kama hatua hizo zinafanya kazi. Kwa wa huku kwetu hiyo ya pili ndiyo ya kukodolea macho, kwa kuwa kigezo kikishapitishwa, siku moja kitageuka kuwa safu kwenye fomu ya kuombea fedha.

Kujisajili

Fungua ukurasa wa usajili wa ripoti husika. Jaza jina kama unavyotaka lichapishwe, taasisi, nchi, barua pepe na eneo la utaalamu. Tumia barua pepe utakayokuwa nayo miaka miwili ijayo, siyo ya mradi unaofungwa Desemba. Majibu yakichelewa, angalia kwenye folda ya barua taka kabla hujalalamika.

Utatakiwa pia kukubali masharti ya usiri: rasimu hainukuliwi, haitajwi kwenye andiko lako, haisambazwi. Watu wazuri huteleza hapa bila nia mbaya. Kupiga picha ukurasa na kuutupia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ni kusambaza. Binafsi nahesabu hivyo hivyo kuibandika rasimu kwenye programu ya akili mnemba ikufupishie. Mwenzako akitaka kuisoma, naye ajisajili.

Kuandika maoni

Usijaribu kusoma ripoti nzima. Chagua sura moja unayoimudu, kwa mfano ile ya Afrika, ambayo katika ripoti ya 2022 ilikuwa sura ya 9, kisha isome pamoja na Muhtasari. Maoni huingizwa kwenye fomu yenye sehemu za sura, ukurasa na mstari wa kuanzia, ukurasa na mstari wa kuishia, halafu maneno yako. Andika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya rasimu. Oni moja, hoja moja. Ukichanganya hoja nne kwenye kisanduku kimoja, mwandishi atajibu iliyo rahisi na kuendelea na safari yake.

Oni bovu huwa hivi: "Sura hii haizingatii hali halisi ya Afrika Mashariki." Jibu lake utaliona baadaye: wameshukuru, nafasi ni finyu. Oni linalofanya kazi hutaja mstari, tatizo, ushahidi na maneno mbadala: "Ukurasa huu, mstari wa 12 hadi 15: sentensi inasema kuta za bahari hupunguza hatari, lakini haisemi kwa muda gani, kwa gharama ya nani, wala kinachotokea ufukwe wa jirani usio na ukuta. Tathmini iliyoambatanishwa inaonyesha hayo. Napendekeza isomeke hivi…"

Kipimo ninachokishauri ni kujiuliza: nani ataamua nini kwa sentensi hii? Kama hakuna uamuzi hata mmoja unaobadilika kwa kuisoma, iandikie oni. IPCC haitakiwi kumwamrisha mtunga sera. Kazi yake ni kumpa taarifa zinazohusiana na sera. Kwa hiyo usiombe ripoti iseme "serikali zijenge" au "zisijenge". Omba iseme masharti: hatua hii ilifanikiwa wapi, ilishindwa wapi, inafika kikomo joto likizidi kiasi gani, na lini inaweza kumwongezea hatari mtu iliyekusudiwa kumlinda. Hayo yapo ndani ya mamlaka ya waandishi, na hawana kisingizio cha kukwepa.

Chunguza pia viwango vya uhakika. Kila hitimisho kubwa hubeba alama: uhakika wa juu, wa wastani, wa chini. Ukikuta uhakika wa juu kuhusu Afrika nzima, angalia ushahidi umetoka nchi zipi. Ripoti yenyewe ya 2022 ilikiri kwamba kati ya 1990 na 2019 utafiti kuhusu Afrika ulipata asilimia 3.8 tu ya fedha za utafiti wa tabianchi duniani, na sehemu kubwa ya hizo ilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Marekani. Uhakika wa wastani mara nyingine una maana kwamba hakuna aliyekwenda kupima. Tofauti hiyo ikiandikwa waziwazi, waziri wa fedha hataisoma kama ruhusa ya kusubiri.

Ushahidi usio wa majarida unakubalika ukiwa na ubora na ukiweza kupatikana: tathmini za miradi, ripoti za mamlaka za maji, takwimu za halmashauri. Lugha si kizuizi, lakini ambatisha muhtasari wa Kiingereza kwa hati ya Kiswahili. Usitaje hati ambayo huwezi kuituma.

Usidharau oni dogo. Ripoti ya 2007 ilidai kwamba barafu ya Himalaya ingeweza kutoweka ifikapo 2035. Katika uhakiki wapo waliohoji chanzo na msingi wa dai hilo. Hawakushughulikiwa ipasavyo, sentensi ikapita. Januari 2010 IPCC ililazimika kukiri kosa mbele ya dunia nzima. Tathmini huru ya mwaka huohuo ilitaka wahariri wa uhakiki, yaani wanaosimamia namna maoni yanavyoshughulikiwa, wahakikishe maoni yanajibiwa kweli.

Baada ya kutuma

Pakia maoni yako kabla ya siku ya mwisho, siyo usiku wake, na utunze nakala. Kisha kimya hufuata, pengine kwa zaidi ya mwaka. Ripoti ikishapitishwa, rasimu, maoni na majibu ya waandishi huwekwa hadharani. Tafuta la kwako: utaona limekubaliwa, limekubaliwa nusu, au limekataliwa na kwa sababu gani.

Ukikosa awamu zote mbili, bado kuna awamu ya serikali. Kila nchi ina ofisi ya kuratibu kazi za IPCC, na orodha ipo kwenye tovuti hiyohiyo. Tanzania ina sababu ya ziada ya kubisha hodi, kwani Dkt. Ladislaus Chang'a alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa IPCC katika kikao cha Nairobi, Julai 2023. Andika ukurasa mmoja, taja sentensi zisizozidi tano za Muhtasari, na uupeleke mapema, maana kikao cha kupitisha Muhtasari hupita mstari kwa mstari, na mjumbe wa nchi hulitetea lile tu alilokwenda nalo mkononi.