Somo: Kufumua viraka vya saruji kwenye nyumba ya kale ya mawe

Ndugu wanachama, somo hili ni kwa yeyote aliyerithi, kununua au kupewa kazi ya kukarabati nyumba ya mawe ya pwani, iwe Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, Mji wa Kale Mombasa, Pangani au Bagamoyo. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Kuta zake zina unene wa nusu mita au zaidi, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Nyingi zimepita miaka mia zikiwa imara, kisha zikaanza kuoza kwa kasi baada ya mwenyewe kununua mifuko kadhaa ya saruji na kuanza kuziba hapa na pale.

Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unafika usoni mwa ukuta, upepo unaukausha. Ndivyo ulivyojengwa na ndivyo unavyoishi. Ukipiga lipu ya saruji umeufunga huo uso, lakini hujayazuia maji kupanda. Yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi kuliko mwanzo, na yanabeba chumvi. Ukiona nyumba yenye lipu ya saruji hadi kiunoni na juu yake kuna mstari wa ukungu na rangi inayobanduka, ujue maji yamehama tu. Halafu mwenye nyumba anaongeza saruji hadi kifuani, na mwaka unaofuata ukungu uko usawa wa dirisha.

Hatua ya kwanza: zunguka, gonga, andika

Usishike tindo bado. Chukua tochi, chaki, daftari na nyundo ndogo. Gonga kila ukuta kwa mpini wa nyundo, kuanzia chini. Lipu iliyoshika inalia kavu na fupi. Iliyoachana na ukuta inalia kwa uwazi, kama debe. Zungushia chaki kila sehemu yenye uwazi, piga picha.

Kisha jiulize kwa nini kila kitu kipya kiliwekwa. Marumaru hadi kiunoni sebuleni, mahali pasipo na maji? Kuna ukuta uliolowa nyuma yake. Siling bodi imepigiliwa chini ya boriti nzuri za zamani? Kuna mtu hakutaka boriti zile zionekane. Kabati la kujengea, kiraka cha rangi tofauti pembeni mwa dirisha, kizingiti kilichoinuliwa: vyote vina sababu, na ni bora uijue kabla ya kuvunja.

Nyufa zipewe daftari lao. Weka kiraka chembamba cha jipsamu juu ya ufa, andika tarehe kwa penseli. Kikipasuka baada ya wiki au miezi, ukuta bado unatembea, na hapo muite mhandisi kabla ya fundi. Hili nalisisitiza hasa kwa nyumba ambazo ukuta wa chini ulitobolewa kupanua duka. Ukuta wa ghorofani haujui kwamba wa chini umeondolewa hadi siku unapoanza kushuka.

Hatua ya pili: umeme

Zima swichi kubwa na uhakikishe kwa testa kabla ya kuchimba popote. Waya za wajuzi wa mtaani zinapita kwenye lipu bila bomba, zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu, kisha zikapigwa saruji juu. Kwenye fyuzi za zamani utakuta uzi wa kawaida umetolewa na kuwekwa vipande vya waya wa shaba. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki tena. Kitakachoungua ni waya ulio ukutani, karibu na boriti kavu. Ukilikuta hilo, usirudishe umeme wa nyumba hiyo mpaka fundi mwenye leseni apime njia zote pamoja na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Sina mengine ya kusema hapa kwa sababu hii si kazi ya kujifunzia.

Hatua ya tatu: egemeza kabla ya kupunguza

Hapa ndipo watu wanapoumia. Paa bapa la chokaa linavuja, mwenye nyumba anamwaga zege juu. Piga hesabu: zege la sentimita 10 lina uzito wa karibu kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 5 kimeongezewa kilo 3,600, juu ya boriti zilizokwisha kubeba sakafu ya chokaa ya kutosha tangu mwanzo. Na bado linavuja, kwa kuwa zege gumu juu ya boriti zinazonepa lazima lipasuke.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoa chochote, simamisha mirunda chini ya boriti, na kati ya mirunda na boriti upite ubao mrefu unaozikatiza boriti hizo, ili mzigo usitue kwenye boriti mojamoja. Kama nyumba ina ghorofa, mirunda iende hadi chini kabisa, la sivyo umehamishia mzigo kwenye sakafu ya chumba kinachofuata. Zege liondolewe kwa vipande vidogo, kuanzia juu, na kifusi kishushwe siku hiyohiyo. Usikirundike sakafuni.

Nyumba ya kale iko hatarini zaidi ikiwa mikononi mwa mafundi. Beit al Ajaib pale Forodhani, Unguja, jumba la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati unaendelea, na watu wakapoteza maisha. Naomba kila anayesoma hapa alipe egemeo uzito huo.

Hatua ya nne: maji kwanza, uzuri baadaye

Panda juu wakati wa mvua, ukiweza bila hatari, uone maji yanakwenda wapi. Mabati yaliyowekwa juu ya paa la zamani mara nyingi yanamwaga maji katikati ya kuta mbili. Gata zimeziba kwa majani, au zinaishia ukutani. Fuata bomba za choo cha ghorofani, maana vyoo vingi vimeongezwa juu ya boriti ambazo hazikuwahi kutarajiwa kulowa. Nje, angalia kama barabara au ua umeinuliwa kwa zege hadi kupita usawa wa sakafu ya ndani. Rekebisha hayo yote kabla hujagusa lipu ya ndani.

Hatua ya tano: kufumua

Tumia tindo na nyundo ya mkono. Mashine ya kutoboa zege inatikisa ukuta ambao katikati yake ni udongo na vifusi vya mawe. Uso unaweza kuonekana mzima huku ndani vimeachana. Anzia kwenye alama za chaki zilizo juu, ingiza tindo kwa mshazari nyuma ya lipu, usilielekeze kwenye jiwe. Lipu iliyoachana hutoka kwa mabamba makubwa, basi awepo mtu wa kuyapokea.

Nyuma ya bamba utaona hali halisi. Sehemu iliyofungwa muda mrefu udongo wake umeiva kwa maji, ukiugusa unamiminika, na jiwe linabaki limening'inia bila kitu chini yake. Simama hapo. Jaza mwanya kwa vijiwe na chokaa siku hiyohiyo, ndipo uendelee na sehemu inayofuata. Usifungue ukuta mzima kwa siku moja.

Utakuta pia tundu zilizozibwa kwa chochote kilichokuwa karibu. Penye ncha za boriti nimekuta mfuko wa saruji umekunjwa, ukashindiliwa tunduni na kupigwa lipu laini juu, kiasi kwamba kwa nje huoni kitu. Mfuko ule umekaa na maji, na ncha ya boriti imegeuka unga wa kahawia unaochoteka kwa kidole. Chunguza kila ncha kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, boriti hiyo haibebi.

Nondo na vyuma vilivyopachikwa ukutani viondoe. Chuma kikishika kutu kinavimba, na chumvi ya mchanga wa pwani inaharakisha. Jiwe la tumbawe halina ubavu wa kukizuia, linapasuka.

Hatua ya sita: acha ukuta ukauke

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Makadirio ya kawaida ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa kila uso ulio wazi. Ukuta wa nusu mita uliofunguliwa pande zote mbili unaweza kuhitaji miezi kumi. Fungua madirisha, sugua chumvi nyeupe inayotokeza kwa brashi kavu, uikusanye na kuitoa nje. Usiioshe kwa maji, itarudi ndani.

Hatua ya saba: rudisha chokaa

Chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji na kulowekwa kwa wiki kadhaa au miezi, sehemu moja, na mchanga mkali wa shimoni au mtoni, sehemu tatu. Mchanga wa ufukweni hapana. Lowesha ukuta, piga tabaka la milimita 10 hivi, kwaruza, subiri likaze, kisha lifuatie la pili. Kinga na jua kwa magunia mabichi na unyunyizie maji kwa siku kadhaa, kwani ikikauka haraka itapukutika. Mwisho pakaza chokaa nyepesi. Rangi ya plastiki isiguse ukuta huu. Vaa miwani na glavu, chokaa inaunguza macho.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mombasa: Shikamoo fundi. Fundi wangu anasema tuchanganye saruji kidogo ndani ya chokaa ili ishike upesi. Kuna ubaya?

Marahaba. Upo. Ile saruji kidogo inafanya lipu ionekane tayari wakati chokaa yenyewe haijashika, na unabaki na lipu dhaifu inayopumua kwa shida. Kama mahali pana unyevu na unataka ikaze mapema, ongeza unga wa matofali ya udongo ya kuchoma, uliopondwa na kuchekechwa. Ni dawa ya zamani na inafanya kazi.

Mwanachama wa Unguja: Kwetu saruji imeshika kweli, nikiibandua inatoka na uso wa jiwe. Nifanyeje?

Iache hapo iliposhika, mradi ukuta ni mkavu. Ondoa sehemu ya chini inayokaribia ardhi, kwa sababu ndiyo inayozuia unyevu kutoka. Chora mistari ya miraba midogo kwa grainda, kina kisizidi unene wa lipu, kisha tindo la mkono taratibu. Nguvu ikizidi, simama. Na kwa Mji Mkongwe pitia kwanza kwenye Mamlaka ya Hifadhi, maana ukarabati unahitaji kibali.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Nyumba yetu ni ya tofali za saruji, ya miaka ya themanini. Nami nivue lipu?

Hapana ndugu yangu. Tofali za saruji na lipu ya saruji zinaelewana. Chukua hatua nne za mwanzo tu, hasa umeme na gata.

Mwanachama wa Tanga: Duka wameniuzia rangi ya kuzuia maji, wanasema nipake ndani ukuta utakauka.

Irudishe ikiwezekana, dada. Itauonyesha ukuta mkavu kwa msimu mmoja, kisha itavimba malengelenge na kubanduka pamoja na lipu. Maji yanatoka wapi? Tafuta hilo kwanza: bomba, gata, au udongo wa nje uliopanda.

Mwanachama wa Lamu: Boriti nne ncha zimeoza lakini katikati ni nzima kabisa. Lazima nibadilishe zote?

Si lazima. Egemeza kwa mirunda, kata ncha iliyooza hadi ufike kwenye mti mzima, kisha weka kipande cha mbao ngumu pande zote mbili za boriti, kipite ndani ya sehemu nzima kwa mita moja hivi, na ukaze kwa bolti za chuma kisichoshika kutu. Ncha mpya ikae juu ya jiwe bapa, upande na nyuma yake uache nafasi ya hewa, na usiijazie saruji kamwe. Kama mhandisi yuko karibu, akupimie urefu wa maungio na unene wa bolti kabla hujakata. Ukiamua kubadilisha, kumbuka mikoko haikatwi ovyo, ulizia kibali cha misitu hapo Lamu.