Kagua bomba la moshi la hita kabla theluji haijaanza

Kama umepanga au umenunua nyumba Minneapolis, Columbus au Toronto, teremka besimenti mapema. Huko utakuta hita ya maji, lile tangi refu lenye moto wa gesi chini yake, na fanesi inayopasha nyumba joto. (Hita ya umeme haitoi moshi, hiyo iache.) Maji yakipoa kila mtu analalamika, lakini bomba la moshi hakuna anayelitazama. Likivuja, huingiza ndani kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Ukitoka nje unapata nafuu. Wengi hudhani ni mafua.

Bomba la hita ya kawaida lazima lipande mpaka kwenye dohani, yaani chimni ya nyumba, angalau robo inchi kwa kila futi. Likilala, moshi unasita. Viungo vyake hukazwa kwa skrubu, kwa kawaida tatu kila kimoja. Ule utepe wa kitambaa wa kijivu usiuamini, joto linaubandua. Ukiona masizi, au vipete vya plastiki juu ya tangi vimeyeyuka, jua moshi umekuwa ukirudi ndani.

Kuna jaribio rahisi, ila ukisikia harufu ya gesi usiwashe chochote, toka nje upige simu. Kama hakuna harufu, funga madirisha, washa feni za jikoni na bafuni pamoja na mashine ya kukaushia nguo, kisha fungulia maji ya moto mpaka hita iwake. Baada ya dakika tano, sogeza kijiti cha udi kwenye uwazi ulio chini ya kofia ya bati juu ya tangi. Moshi wa udi ukivutwa juu, sawa. Ukikurudia usoni, zima hita, fungua madirisha, ita fundi.

Fanesi za kisasa zinazotumia gesi kidogo hutolea moshi kwenye bomba la plastiki ukutani. Theluji ikilifunika, ifukue. Lakini mtego uko kwingine: fanesi ya zamani ilitumia dohani moja na hita. Ikibadilishwa, hita inabaki peke yake kwenye dohani pana kupita kiasi, moshi unapoa njiani na kushuka. Kabla hujalipa, muulize fundi kama dohani itahitaji kuwekewa bomba jembamba ndani.

Yule ndugu wa kwenye grupu la WhatsApp anayejua kutengeneza kila kitu, mkaribishe chai tu. Bomba mwachie mwenye leseni. Mpangaji, mwandikie mwenye nyumba ujumbe wenye picha na tarehe.

Weka kengele ya kaboni monoksidi kila ghorofa, karibu na vyumba vya kulala, na usome nyuma yake inaisha muda lini. Ikilia, tokeni wote kwanza, ndipo mpige 911. Na umeme ukikatika, jiko la mkaa lisiingie ndani, hata gereji.