SOMO: Kuchanganya artesunate ya sindano (dawa ya malaria kali) bila kumpunja mgonjwa

Wakuu habari za zamu. Naandika hii mara moja ibaki hapa, maana kila wiki napigiwa simu usiku wa manane "kaka hii artesunate ya mtoto naichanganyaje", na kila wiki najibu yale yale. Ni kwa wenzangu wa wodini, mzazi unayepita hapa hii sio dawa ya kuchomwa nyumbani, mtoto akidegedeka au akilegea mkimbize hospitali.

Naongelea kichupa cha 60 mg kinachokuja na chupa mbili ndogo, ya baikaboneti na ya salini (maji ya chumvi). Limeingia toleo jingine lenye kimiminika kimoja, hilo fuata kikaratasi chake, hesabu zangu usizipeleke huko.

1. Pima uzito. Kwenye mizani, sio kwa macho.

2. Dozi: chini ya kilo 20 ni 3 mg kwa kila kilo, kilo 20 kwenda juu ni 2.4 mg. Ndiyo, mdogo anapata nyingi zaidi kwa kilo, WHO walipandisha 2015, wala sio kosa la uchapaji.

3. Jua unahitaji vichupa vingapi kabla hujavunja chochote. Kimoja kinatosha mpaka kilo 25.

4. Ml 1 ya baikaboneti kwenye unga, tikisa mpaka iwe angavu kama maji. Ikibaki na ukungu tupa. Usiongeze salini kabla haijawa angavu.

5. Toa hewa kichupani, weka salini. HAPA TULIENI.

Ya mshipa unaweka salini ml 5, unapata jumla ml 6, kila ml ina 10 mg. Ya msuli unaweka ml 2, unapata jumla ml 3, kila ml ina 20 mg. Dawa ile ile, kichupa kile kile, nguvu mara mbili. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na mtoto wa kilo 13, dozi yake kama 40 mg, nikachanganya vizuri tu kwa ajili ya mshipa, halafu kwenye chati ukutani jicho likaangukia safu ya msuli, imeandikwa ml 2, nikavuta ml 2 nikasukuma. Alitakiwa apate ml 4. Yaani nimempa nusu dozi mtoto wa malaria kali na nikasaini kabisa kwenye chati. Aliyenikamata ni sista inchaji asubuhi, aliona kichupa bado kina dawa nyingi akauliza "hii imebakije?" Tukamwambia daktari, akapewa iliyopungua kwa kuchanganya kichupa kipya, mama yake akaelezwa. Mtoto alipona, ila ule usiku sijausahau. Tangu siku hiyo nabandika plasta kwenye sirinji, naandika MSHIPA 10 au MSULI 20 KABLA sijavuta dawa. Na usichanganye vya wagonjwa wawili kwa pamoja hata wodi iwe imejaa vipi.

6. Mshipani sukuma taratibu, ml 3 mpaka 4 kwa dakika. Usiitie kwenye dripu. Msuli ni paja kwa mbele.

7. Ya kwanza akifika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24, kisha mara moja kwa siku. Sindano tatu ni lazima hata akiamka anadai ugali. Akiweza kumeza, mpe dawa mseto dozi nzima ya siku 3.

8. Iliyobaki mwaga. Ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja.

MASWALI

Dogo Intern: Mkuu salini ikiisha naweza kutumia maji ya sindano?

Mwandishi: Hapana.

Dogo Intern: Mbona kuna sehemu nimeona wanatumia

Mwandishi: Nimeona mengi pia. Jibu ni lile lile.

Kabati la Dawa: Nikichanganya asubuhi nikaweka kwenye friji si itafaa kwa dozi ya jioni? Kubana matumizi.

Mwandishi: Hatua ya 8. Umeruka?

Kabati la Dawa: Usikasirike kaka, dawa zenyewe za shida

Mwandishi: Sijakasirika, najua za shida. Ila saa moja ni saa moja.

Mzee wa Kwinini: Sisi tumetibu na kwinini miaka yote na watu walipona. Hizi hesabu zenu ni usumbufu.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Walipona wengi, kweli. Ila kuna utafiti wa 2010 uliolinganisha dawa hizi mbili, ulichukua watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Muheza na Kilifi zikiwemo. Wa kwinini walikufa 10.9%, wa artesunate 8.5%. Kwa usumbufu wa chupa mbili mimi nakubali.

Sista wa Zamu ya Usiku: Samahani naomba kuuliza kitu tofauti kidogo. Tulikuwa na baba mmoja malaria kali, vijidudu vingi sana kwenye slaidi (damu chini ya darubini), alipona na artesunate akaruhusiwa. Siku ya 15 karudi viganja vyeupe, macho manjano, mkojo kama koka. mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) chanya, tukawa tunataka kumuanzishia upya ila HB (kiwango cha damu) ilikuwa imeshuka mno tukasita. Ni malaria imerudi au?

Mwandishi: Dada asante kwa kusita. Slaidi ilisemaje?

Sista wa Zamu ya Usiku: Hakuna kitu. Tumerudia mara mbili.

Mwandishi: Basi mRDT imewadanganya, ile inayopima HRP2, protini ya kidudu cha malaria, inaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Hiyo inafanana sana na damu kuvunjika kwa kuchelewa baada ya artesunate. Iko hivi: dawa inaua kidudu ndani ya chembe nyekundu, wengu unakichomoa kile kidudu na kuirudisha chembe kwenye damu, lakini chembe ile imeshachoka, maisha yake mafupi. Kwa hiyo zinavunjika kwa mkupuo, wiki ya pili mpaka ya tatu. Mwenye vijidudu vingi ndiyo zaidi. Iligundulika kwa wasafiri waliorudi Ulaya na malaria, maana wale walifuatiliwa damu. Sio sababu ya kuiacha dawa. Mtazameni HB na figo, damu mpeni akihitaji, na daktari aangalie sababu nyingine pia, kama upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Anayeruhusiwa mpangieni arudi kupima HB siku ya 7, 14 na 28, na mwambieni kwa maneno ya kawaida: ukiona mkojo mweusi usisubiri tarehe.

Sista wa Zamu ya Usiku: Ameongezewa chupa mbili, leo anakaa mwenyewe. Kumbe!

Famasi ya Kona: Nyongeza kwenye hatua ya 7, muache kuandika "saa 3" kwenye chati. Kwetu mmoja aliandika saa 3 akimaanisha ya usiku, mwenzake akasoma saa tisa alfajiri, dozi ikachelewa saa sita.

Mwandishi: Hii naiongeza juu. Andikeni 21:00.

Dogo Intern: Na kwa mjamzito dozi ni ile ile?

Mwandishi: Ile ile, mimba ya miezi yoyote. Swali zuri hilo dogo.