Jinsi ya kuifuata damu yako inavyozunguka kwa vidole vyako mwenyewe

Wengi tunajua tu kwamba moyo unasukuma damu basi, ukiuliza inaenda wapi na inarudije mtu anakwama. Na hii haitaki maabara, inataka vidole viwili na simu yenye saa.

Kwanza kaa utulie kama dakika tano, usiwe umetoka kupanda ngazi. Geuza kiganja kiangalie juu, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usipimie kidole gumba maana chenyewe kina mapigo yake na kitakuchanganya. Usikandamize sana. Hesabu dakika nzima, mtu mzima aliyetulia anapata kati ya 60 na 100, ila wanaofanya sana mazoezi wanaweza kushuka chini ya 60 na wako salama kabisa. Kila pigo moyo umetoa kama mililita 70 hivi, zidisha mara mapigo 70 ya dakika moja unakaribia lita 5, na damu ya mtu mzima yote ni kama lita 5, yaani ndani ya hiyo dakika uliyokuwa unahesabu damu karibu yote imeshapita moyoni!

Sasa safari ya kurudi, hii ndo naipenda zaidi. Ning'iniza mkono mpaka mishipa ya nyuma ya kiganja itokeze, chagua mmoja ulionyooka, uzibe kwa kidole upande wa vidoleni, alafu kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kwenye kiwiko kisha achia hicho cha pili. Ukipata mshipa wenye vali (vilango vya ndani vinavyoruhusu damu kwenda upande mmoja tu) hapo katikati utaona kipande kimebaki kitupu, damu ya juu hairudi chini kwa sababu vali zimeizuia. Achia kidole cha kwanza, kinajaa fasta kutokea chini. Daktari William Harvey wa Uingereza alitumia jaribio la namna hii kwenye kitabu chake cha mwaka 1628 kuonyesha kwamba damu inazunguka.

Hiyo damu inayorudi ni nyekundu iliyoiva, sio ya bluu, bluu ni vile tu tunavyouona mshipa kupitia ngozi. Inaingia moyo upande wa kulia, inapelekwa mapafuni, inaacha kabonidayoksaidi inachukua oksijeni, inarudi upande wa kushoto ndipo inasukumwa mwili mzima. Hii njia ya mapafuni Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa Damascus, aliieleza tangu karne ya 13.

Anayebeba oksijeni ni hemoglobini, iko ndani ya chembe nyekundu na ina madini ya chuma, kila molekuli ya hemoglobini ina nafasi nne za oksijeni. Bonyeza ukucha mpaka upauke, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi (kama una baridi mikononi inachelewa, pasha kwanza). Hapo umeona damu ikiingia kwenye vimishipa vidogo kabisa, ambako oksijeni ndo inashuka.

Ila mapigo mazuri hayakuhakikishii kwamba oksijeni inafika, na hapa naomba unisikilize. Ukilala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, linatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwahiyo damu inazunguka vizuri tu lakini nafasi zimeshakaliwa. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kukuonyesha asilimia 98 wakati mtu anazidiwa, maana hakitofautishi kama hemoglobini imebeba oksijeni au kaboni monoksaidi. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu karibu na jiko, usianze kumpima chochote, mtoe nje kwenye hewa kwanza, toeni wote waliomo, mkimbize hospitali na uwaambie kabisa kwamba kulikuwa na mkaa ndani.