Somo: Kumshuhudia Yesu ukiwa kazini kwako, hatua kwa hatua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi wa kundi letu hili mmeniomba niandike somo la kushuhudia mtu kwa mtu. Nitaandika, ila mjue mimi ni fundi cherehani, sijakanyaga chuo cha Biblia. Kibanda changu kiko Tandika, na miaka yote hii nimehubiri kwa watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri nimalizie pindo. Ninachofundisha nimekipata hapo, na kipande kikubwa nimekipata kwa aibu.

Aibu yenyewe ni hii. Siku moja nilikuwa namweleza mteja habari za wokovu, nimepamba moto, naye ananisikiliza kwa adabu. Nilipopumua akasema, "Mama, ya mbinguni nimeyasikia. Gauni langu uliniambia Jumatano, na leo Jumatatu." Benchi zima likacheka. Gauni lenyewe lilikuwa bado kitambaa ndani ya mfuko, sijakata hata mkono. Ndiyo maana somo langu linaanzia mahali ambapo pengine hamkutarajia.

HATUA YA 1: Maliza nguo za watu

Kila mmoja ana "gauni" lake. Kwa fundi ni ule uongo wa "njoo kesho". Kwa mwenye duka ni mizani. Kwa mwalimu ni vipindi asivyoingia. Kwa wengine ni deni la kikoba ambalo mwenye zamu analipigia simu hadi amechoka. Kabla hujafungua kinywa kuhusu Yesu, kaa na daftari uandike nani anakudai, nani ulimdanganya, nani hamsemezani. Kisha uwaendee.

Zakayo mtoza ushuru hakuhubiri, alirudisha mara nne (Luka 19:8), na Yeriko nzima ikaelewa. Wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, walijulikana kwa jambo hili hili. Waliungama mbele za watu na kurudisha walivyoiba. Neno "mlokole" tunalolitumia leo, mara nyingine kwa kejeli, limetoka kwa Waganda: Balokole, waliookolewa. Jirani aliyerudishiwa jembe lake lililoibiwa zamani alikuwa na jambo la kuuliza kabla mtu hajamhubiria.

Mimi baada ya lile gauni nilifuta ahadi za mdomo. Tarehe naiandika kwenye karatasi mbili, moja yangu, moja ya mteja, na nikiona sitawahi napiga simu siku mbili kabla. Wateja wachache walinikimbia kwa sababu sasa nawapa tarehe za mbali. Waliobaki wananisikiliza.

Hatua hii inaweza kuchukua miezi. Usiiruke.

HATUA YA 2: Andika majina matatu

Watatu tu. Ukiandika ishirini utaombea orodha badala ya watu. Mimi nayaandika ukurasa wa mwisho wa daftari la vipimo, kwa hiyo kila nikifungua kuandika kifua na kiuno cha mtu nayaona. Waombee kwa majina yao na kwa shida zao unazozijua: ada ya mtoto, presha, mume aliyeondoka. Ukimwombea mtu mwezi mzima kuhusu presha yake, siku ukikutana naye utamuuliza habari za presha kabla ya habari za dhambi.

HATUA YA 3: Tayarisha ushuhuda wa dakika tatu

Hapa ndipo tunapoharibu zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Neno letu "ushuhuda" ni lile lile la mahakamani. Shahidi akisimama mahakama ya mwanzo anaulizwa aliona nini, basi. Akianza kumtetea mtu kama wakili, hakimu anamkatisha. Akianza kutoa hukumu, anafukuzwa. Yule kipofu wa Yohana 9 alikuwa shahidi hodari: Mafarisayo walimbana kwa maswali ya dini, akawajibu kwamba analijua neno moja, "mimi nalikuwa kipofu, na sasa naona." Hakujifanya anajua zaidi.

Andika mambo matatu: ulikuwaje, kilitokea nini, na sasa ukoje. Soma kwa sauti ukiangalia saa. Kisha upitie tena ukikagua makosa haya.

La kwanza, chumvi. Kuna watu ushuhuda wao unakua kila mwaka. Mwaka wa kwanza alikuwa mnywaji, wa tatu alikuwa jambazi, wa tano alikutana na majini saba baharini. Ndugu, waliosoma nawe shule ya msingi wapo, na wanakumbuka.

La pili, lugha ya kanisani. "Nilikuwa gizani, nikafunguliwa vifungo, nikaoshwa kwa damu, sasa natembea katika viwango." Mtu wa kijiweni hapo hajapata kitu. Sema, "Nilikuwa nalala nimekunywa, watoto wanalala njaa." Hilo kila mtu analijua.

La tatu, kuyafanya maisha yako ya zamani yawe shujaa wa hadithi. Ukisimulia dhambi dakika mbili na nusu na Yesu nusu dakika, msikilizaji ataondoka na dhambi.

Wangu ni mfupi. Nilikuwa na uchungu na dada yangu kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba, miaka minane hatusalimiani, nikawa siwezi kulala. Mama mmoja wa jumuiya alinisomea habari ya mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akamkaba mwenzake kwa dinari mia (Mathayo 18). Nikajiona. Nilimwomba Yesu anisamehe, na wiki ile ile nilipanda basi kwenda Morogoro kwa dada. Kiwanja sikupata, ila usingizi nimeupata. Basi, ndio huo wote. Hauna jini hata moja, na watu wameulia.

HATUA YA 4: Uliza kwanza

Filipo alipolikuta gari la towashi wa Kushi (Matendo 8), alikuwa na kila sababu ya kuhubiri papo hapo, maana alitumwa na Roho. Alianza na swali: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Akangoja akaribishwe. Akapanda, akakaa, akaanzia andiko lile lile alilolikuta mtu anasoma.

Kwa hiyo maswali. "Mama, unaendeleaje tangu msiba?" "Wewe ukiwa na shida kubwa unamwomba nani?" "Zamani ulikuwa ukienda kanisani, nini kilikufanya uache?" Hili la mwisho uliulize kwa upole, na jibu lake ulisikilize mpaka mwisho, hata kama linamhusu mchungaji wako. Mara nyingi linamhusu mchungaji wa mtu.

(Nisameheni wahubiri wa daladala. Najua mna mzigo, na najua wapo waliookoka kwenye gari la Mbagala. Lakini abiria aliyesimama kwa mguu mmoja hana pa kwenda, na mtu asiyeweza kuondoka hujui kama anakusikiliza au anakuvumilia.)

HATUA YA 5: Sema Injili yenyewe

Ushuhuda wako ni mlango tu. Mtu akitaka kuingia, mwambie habari ya Kristo kwa ufupi. Mungu alituumba na anatupenda, sisi tumemwacha, Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu (1 Wakorintho 15:3-4), na kila amwaminiye anapokelewa. Soma naye Yohana 3:16 na Warumi 5:8 kutoka kwenye Biblia, aone kwa macho yake kwamba hukuyatunga.

HATUA YA 6: Mwachie nafasi

Akisema "nitafikiria", mwache afikirie. Usimshike mkono kumlazimisha sala ya toba ili uwe na idadi ya kutangaza Jumapili. Akiwa tayari, omba naye kwa maneno rahisi, kisha kazi ndiyo inaanza: mtambulishe kanisani, na msome pamoja Injili ya Marko. Ina sura 16. Mkisoma moja kwa wiki, ni miezi minne ya kukaa naye, na katika miezi minne utamjua na yeye atakujua, pamoja na hasira zako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Songea: Shalom. Mume wangu haendi kanisani na nikianza tu kusema Neno anatoka kwenda kilabuni. Nifanyeje?

Jibu: Shalom, mwenzangu. Nyamaza kwanza. Petro aliwaandikia wake kama wewe kwamba waume zao wavutwe kwa mwenendo, "pasipo lile neno" (1 Petro 3:1). Kama kila akirudi nyumbani anakuta mahubiri, kilabuni kuna amani zaidi, na mimi ningeenda. Mpikie, mcheke, mwombee. Siku atakayouliza mwenyewe, jibu kwa dakika tatu, usigeuze mkesha. Lakini nikuambie na hili: kama anakupiga, andiko hilo halikuambii ukae upigwe. Waendee wazee na dawati la jinsia polisi.

Kijana wa bodaboda, Mwanza: Shikamoo mama. Kijiweni wananiita mlokole, wananicheka. Nimeanza kukaa mbali nao.

Jibu: Marahaba mwanangu. Rudi kijiweni. Yule mtu wa Wagerasi aliyetolewa pepo aliomba aondoke na Yesu, akaambiwa aende nyumbani kwa watu wa kwao (Marko 5:19). Jina hilo wakikuita, cheka nao. Mwenzako akipata pancha saa nne usiku, uwe wewe uliyebaki naye. Na usimzidishie mgeni nauli kwa sababu hajui njia. Wenzako wanaona kila kitu.

Dada wa Tanga: Jirani zangu wengi ni Waislamu na tunapendana. Naogopa nikisema nitaharibu ujirani. Je, sheria inaruhusu?

Jibu: Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, inasema kutangaza na kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Kwa upande wa pili, Kanuni ya Adhabu inamshika anayetamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mwenzake. Kwa hiyo sema unachoamini wewe, usiguse Mtume wao wala Kitabu chao. Ile mihadhara ya kulumbana na vipaza sauti sijaona ilichojenga zaidi ya uadui. Wao wanamjua Isa mwana wa Maryam, na ukiulizwa unamwamini vipi, eleza. Nao wakikueleza yao, wasikilize kama ulivyotaka kusikilizwa. Wakikualika futari, nenda. Usimpe mtoto wa jirani pipi ili aje Sunday school bila mama yake kujua. Huo ni wizi.

Dada aliyeko Muscat: Nafanya kazi za ndani. Nimeambiwa nisiongee dini kabisa, na roho inaniuma.

Jibu: Mpendwa, umeambiwa vizuri. Huko kumshawishi Muislamu hadharani abadili dini kumekatazwa, na wewe uko ndani ya nyumba ya watu, mkataba wako uko mikononi mwao. Usigawe vijitabu, usimfundishe mtoto unayemlea. Makanisa yapo kwa kibali, Ruwi na Ghala. Ukipata ruhusa siku ya mapumziko, nenda ukaabudu na wenzako. Kwa bosi wako, fanya kazi ile ile akiwepo na asipokuwepo. Akikuuliza mwenyewe kwa nini, jibu kwa sentensi moja na urudi jikoni. Danieli alikaa Babeli muda mrefu, na maadui zake walipotafuta kosa katika kazi yake hawakuliona.

Baba wa Kigoma: Msibani ni mahali pazuri pa kuita watu waokoke? Mchungaji wetu kila mazishi anafanya hivyo.

Jibu: Mchungaji wako ana sababu zake na sitamsema hapa. Kwangu, siku ya kwanza na ya pili nabeba maji na kuosha masufuria. Wafiwa hawakumbuki mahubiri, ila wanakumbuka nani aliosha masufuria. Wiki ya tatu watu wakishatawanyika, matanga yameanuliwa na nyumba imekuwa kimya, hapo ndipo naenda na chai kwenye chupa, na hapo ndipo maswali ya kifo yanapokuja yenyewe.

Mtumishi wa Mbeya: Somo zuri, ila sijaona Roho Mtakatifu. Bila nguvu za Matendo 1:8 hizi hatua ni mbinu za kibinadamu.

Jibu: Kweli mtumishi, nimekosea kutolitaja mwanzoni. Nakubali kwamba moyo wa mtu hageuzi fundi cherehani. Lakini nguvu aliyonipa Roho mara ya kwanza ilikuwa ya kumpigia simu yule mwenye gauni na kusema, "Nilikudanganya, sijalianza." Mkono ulitetemeka kuliko siku niliyosimama madhabahuni.

Dada wa Songea mwingine, na wale mlioniandikia faragha, nitawajibu kesho jioni. Nina sare za kwaya kumi na nne, tarehe niliyowaandikia ni leo saa kumi, na bado kola tatu.